Dakika ya Chumba

4 Februari

Shemeji,

Salamu kwanza, maana najua ukiona mwandiko wangu utaanza kutafuta msiba. Hakuna aliyekufa. Binti yangu hajambo, amemaliza mafunzo na sasa anafundisha watoto wadogo kusoma. Mimi niko kwenye kibanda kilekile. Mbele natengeneza redio na feni, nyuma, juu ya ngazi, ndiko kile chumba chetu cha kurekodia, na trei za mayai za kuzuia mwangwi bado zimebandikwa ukutani. Panya wamekula godoro moja. Mengine yapo.

Nakuandikia kuhusu bendi. Ndiyo, bendi. Miaka tisa baada ya kuizika Chumba Baridi pamoja na kaka yangu, kampuni iliyotoa albamu zetu imetukumbuka. Wanasema kuna vijana wanaoisikiliza ile roki yetu ya polepole, ile ambayo magazeti yaliiita muziki wa kungojea mvua. Wanataka albamu moja ya mwisho: nyimbo adimu tulizozificha kabatini, na za zamani zirudiwe kwa gitaa kavu, bila umeme, bila ngoma zangu. Meneja anataka iitwe Mabaki.

Gitaa lipo. Kaka aliacha kanda tisa alizopiga mwaka wake wa mwisho, akiwa amekaa juu ya kopo la rangi kama kawaida yake. Nne zina sauti yako ya zamani. Tano hazina mtu. Nataka uimbe hizo tano huko uliko, unitumie, nami nitaziunganisha. Ya tano ni "Taa ya Ngazini". Unajua kwa nini haina sauti.

Ukikubali, usisahau dakika ya chumba. Kabla hujaimba, acha kanda izunguke dakika nzima, usiseme, usisogee, kama tulivyofanya siku zote. Kaka alikuwa akisema wimbo usioanza na chumba ni mtu aliyeingia bila hodi.

Shemeji yako,
Fundi

19 Februari

Fundi,

Mara ya mwisho nilipokusikia ulikuwa umesimama upande wa pili wa kaburi, ukaniambia mbele za watu, "Wewe ndiye uliyemnyamazisha." Leo unaniletea salamu na habari za panya. Kweli wewe ni mpiga ngoma, huna aibu.

Tangu nipate barua yako nimekupigia simu mara tatu. Unapokea, unapiga kelele "Haloo, haloo, nani?" halafu unakata. Kama hutaki kuongea nami sema, nina umri wa kuambiwa ukweli.

Haya, na mimi nikueleze nilipo. Nafanya kazi ya kufua hospitalini. Mashine sita, na kila moja inanguruma kama ina deni na mimi. Sauti yangu si ile uliyoizoea. Imeshuka, ina vumbi, na siku nyingine hainitoki kabisa hadi saa nne. Sijaimba hata bafuni. Lakini kuna stoo ya mashuka safi, rafu mpaka darini, na ukifunga mlango humo ndani hata pumzi yako mwenyewe inakuwa karibu. Nikaingia juzi wakati wa mapumziko, nikasema neno moja tu kujaribu. Halikurudi. Mashuka yalilimeza.

Nitaimba. Sifanyi kwa ajili ya kampuni, wala kwa ajili yako. Ule wimbo niliuacha mlangoni na haujaacha kunifuata. Unakumbuka siku ile: tulikuwa tayari, na kaka yako kila mara "ngoja kidogo, ngoja kidogo", mpaka nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, nikachukua mkoba wangu nikaufunga mlango. Jina la Ngoja tulimpa kwa utani, siku ile nililitamka kama tusi. Jioni alirudi nyumbani tukaongea ya sabuni na chumvi. Ya wimbo hatukuyagusa tena. Wiki sita baadaye moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Na hilo jina la albamu mwambie meneja alirudishe alikolitoa. Mabaki ni ya chakula au ya ajali.

Mke wa kaka yako

8 Machi

Shemeji,

Simu yangu ni mbovu. Mtandao huku unakuja na kuondoka. Niandikie tu, barua haikatiki.

Nimekuwekea kanda tano za gitaa humu kwenye kifurushi. Zifunge vizuri ukimaliza, utepe wake umekuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Sikiliza gitaa kwa sikio moja, uimbe huku sikio la pili liko wazi. Mashine yako ya kurekodi iweke juu ya shuka lililokunjwa, isiguse rafu.

Umesema kweli kuhusu Mabaki. Mimi nimependekeza Dakika za Chumba. Meneja kasema jina hilo linafaa kitabu cha wapangaji.

Ya kaburini tuyaache kwa sasa. Maji yakishamwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyemwaga. Nitayasema siku yake ikifika.

Fundi

30 Machi

Fundi,

Hizo hapo, tano. Zimenichukua wiki mbili za mapumziko ya mchana. Wenzangu kazini wanajua sasa. Msimamizi alikuja kutafuta foronya akanikuta nimesimama kati ya rafu nimefumba macho, akatoka taratibu akaufunga mlango, na tangu siku hiyo ananiita Mama Kwaya.

Nne ziko sawa kadiri ya uwezo wangu. "Taa ya Ngazini" nimeirudia mara kumi na moja. Kila nikifika pale pa "nimeiacha inawaka, usiizime", nasimamisha mashine. Niliyokutumia ni ya kumi na moja. Si nzuri ila imefika mwisho.

Dakika ya chumba nimeiweka kila mahali, usije ukanisuta. Ila kwenye ya "Taa ya Ngazini" utasikia mlango. Nilishabonyeza mashine ndipo nikaona mlango uko wazi, nikarudi kuufunga. Ukate huo mlango, ni uchafu.

Nikuulize kitu. Wewe uliyekuwa humo chumbani siku ile baada ya mimi kuondoka, alisema nini? Alipiga gitaa lote lile peke yake mpaka mwisho, bila kukosea. Nimeusikiliza wimbo mara nyingi sana nikitafuta hasira na siioni.

Shemeji yako

27 Aprili

Shemeji,

Kazi imekwisha. Kaseti hii ni albamu nzima, nyimbo tisa, kila moja na chumba chake. Nimekaa nayo wiki tatu, redio za watu zimejaa vumbi hapo mbele. Sijawahi kufanya kazi kama hii na sidhani kama nitafanya nyingine.

Sauti yako imekuwa nzuri kuliko zamani. Zamani ulikuwa unaimba kama mtu anayejua wanamtazama.

Nina ombi moja, na katika maisha yetu yote sijakuomba jambo. Kampuni wana fundi wao, wana mitambo mipya, watataka kupaka rangi. Usikubali. Wewe ndiye mwenye haki za kaka, bila saini yako hawawezi kutoa kitu. Niahidi kwamba itatoka kama nilivyoifanya, isiguswe, toka sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukishaniahidi nitalala.

Uliuliza alisema nini. Sikiliza kaseti yote. Usiruke.

Fundi

11 Mei

Fundi,

Nimesubiri siku tatu ili hasira ishuke. Haijashuka, kwa hiyo pokea hivyohivyo.

Umefanya nini? Nimeiweka kaseti yako nikazima baada ya wimbo wa pili. Sauti yangu inakata kama bati. Kila nikitamka neno lenye "s" ni kama maji yanamwagikia pasi ya moto. Gitaa la Ngoja, lile lililokuwa linatembea kwa soksi, sasa linakwaruza kucha. Na nyuma ya kila kitu kuna mtu anakaanga, shhhh, mwanzo hadi mwisho. Nilimsikilizisha Msimamizi, ambaye hajui muziki hata kidogo, akashika jino.

Wewe ndiye uliyekuwa na masikio ya bendi. Ulikuwa unasikia waya uliolegea kutoka barabarani. Kwa hiyo usiniambie hukusikia. Ulisikia, ukaacha. Kusema "sauti yako imekuwa nzuri" halafu kunitoa mbele ya watu hivi ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama bado unaniadhibu kwa ajili ya siku ile, ungeniadhibu peke yangu. Gitaa lake lilikukosea nini?

Mke wa kaka yako

20 Mei

Shemeji,

Ukisema inakata, basi inakata.

Sikukuadhibu. Niliifanya kama ninavyoisikia.

Wape kampuni au itupe. Ombi langu nimelirudisha.

Fundi

2 Juni

Mama mkubwa, shikamoo.

Mimi ni binti wa Fundi. Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa bado navaa sare ya shule ya msingi. Samahani kukuandikia kwa siri, Baba akijua hatanisamehe, lakini nimeisoma barua yako. Anatembea nayo kwenye mfuko wa shati.

Mama mkubwa, Baba hasikii.

Hajawa kiziwi kabisa, ndiyo maana anawadanganya watu. Sauti nene anazipata: lori, mlango, ngoma, mtu akigonga meza. Nyembamba zimekwenda. Birika letu lina filimbi, linalia mpaka maji yanakauka yeye amekaa pembeni yake anasoma gazeti. Ndege hawasikii. Watoto wa darasa langu walikuja kumsalimia, akawa anawatazama midomo na kucheka mahali pasipo kicheko. Kwenye simu hashiki neno hata moja, ndiyo maana anakata. Nilimpeleka kwa daktari mwaka juzi. Daktari alisema ni ngoma, miaka ishirini ya matoazi kando ya kichwa, na kwamba kilichoondoka hakirudi na kilichobaki kinafuata. Baba akamjibu, "Sikio la kufa halisikii dawa." Alidhani daktari atacheka.

Alipokuwa anaunganisha nyimbo zako nilikuwa napita mlangoni. Anazungusha kile kinobu cha sauti nyembamba, anasikiliza, anatikisa kichwa, anaongeza tena. Nilikuwa nje na masikio yananiuma. Sikuthubutu kumwambia. Alikuwa amevaa shati safi kila siku, Mama mkubwa, kama mtu anayekwenda kazini kwa mwajiri.

Tangu barua yako ifike hajaingia chumba cha nyuma. Wateja nao wamepungua, kwa sababu anawarudishia redio zikipiga miluzi, anawaambia zimepona.

Nisamehe. Sikujua ni nani mwingine wa kumwambia.

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Umefanya vizuri kuniandikia na barua yako nimeichoma, usiwe na hofu.

Nimekaa kwenye stoo ya mashuka nikalia mpaka Msimamizi akaniletea foronya ya kufutia uso. Nilimwandikia baba yako maneno ambayo hata adui hapewi. Sasa nisaidie tutengeneze.

Nimeshaongea na meneja. Fundi wao ni mwanamke, nimezungumza naye kwa simu, ana adabu na anazijua nyimbo zetu zote. Atakachohitaji ni kanda zenyewe za mwanzo, gitaa peke yake na sauti peke yake. Siku baba yako akienda kununua vipuri, zichukue, uwapelekee wanakili, uzirudishe sandukuni kwa mpangilio uleule. Huyo mwanamke ataunganisha upya, laini, kama baba yako angefanya zamani. Kwenye karatasi ya kaseti litaandikwa jina la baba yako peke yake. Atashika albamu mkononi, ataamini ni yake, na hakuna atakayemwambia tofauti. Hatasikia tofauti.

Hiyo sentensi ya mwisho imeniuma kuiandika.

Fundi wa kampuni aliniuliza kama kuna maelekezo yoyote kuhusu mianzo ya nyimbo. Nikamwambia sijui, afanye anavyoona. Ukweli ni kwamba mimi mianzo siisikilizi. Huwa napeleka kaseti mbele mpaka gitaa likishaanza. Kwenye zile dakika baba yako mkubwa anapumua, na mimi nimelala kando ya pumzi ile miaka kumi na nne. Siwezi.

Mama yako mkubwa

9 Juni

Fundi,

Nimekuja kuomba radhi, na naomba uipokee bila kunichelewesha.

Redio yangu ilikuwa mbovu. Spika imetoboka, nimegundua juzi mtu wa nyumba ya pili alipojaribu kaseti yake nayo ikakwaruza vilevile. Nikaazima redio nyingine nikaisikiliza kazi yako upya. Ni nzuri sana. Kila kitu kiko mahali pake. Yale niliyoandika yafute, ni mdomo wangu, unaujua.

Na ombi lako nalikubali. Naahidi. Itatoka kama ulivyoifanya.

Shemeji yako

28 Juni

Shemeji,

Nilikaa na barua yako juu ya meza siku nzima kabla ya kuifungua, nikidhani ni matusi mengine. Sasa nimeibandika ukutani, hapo lilipokuwa godoro lililoliwa.

Sikukwambia, lakini wiki zile nilikuwa nimeshaamua kuuza mitambo. Nilifikiri nimeharibu kazi ya mwisho ya kaka na sijui. Hilo la "na sijui" ndilo lililokuwa baya. Mtu anaweza kuishi na kosa lake akilijua.

Basi nimeshukuru. Nimenyoa ndevu. Binti ananiambia nimekuwa kijana, ingawa siku hizi ananitazama kwa huruma sijui ya nini.

Umeisikiliza yote? Umesikia niliyoyafanya kwenye dakika za chumba? Hujasema. Nangoja useme, ila sikuharakishi.

Fundi

15 Septemba

Shemeji,

Albamu imetoka. Meneja amenitumia kaseti tatu. Wameiita Taa ya Ngazini, sina ugomvi, ni bora kuliko Mabaki. Picha ya mbele ni kopo la rangi alilokuwa akikalia. Jina langu liko ndani, peke yake, kwa herufi nzuri.

Binti alinipikia chai, tukaketi tukaisikiliza. Alikuwa ananiangalia kuliko alivyokuwa anasikiliza. Nikamwambia ni safi. Akaenda jikoni kulia.

Shemeji, masikio yangu yamekufa lakini saa yangu haijafa. Na mashine yangu ina sindano inayoruka sauti ikipita na kulala pakiwa kimya. Kwenye kazi yangu sindano inalala dakika nzima kabla ya kila wimbo. Kwenye kaseti hii nimebonyeza, na sindano imeruka hapohapo. Nikadhani nimekosea. Nikarudia zote tisa na saa mkononi. Hakuna dakika hata moja. Mtu amezifagia, kama ambavyo fundi yeyote mzuri angefagia, kwa sababu kwake ni kanda tupu.

Ndipo nikaelewa redio yako iliyotoboka.

Sikukasirika mara moja. Nilikwenda mbele nikatengeneza feni ya mtu. Hasira ilikuja kesho yake, binti aliponieleza yote, na ilikuja kubwa. Nilikuwa najua nimepungukiwa, Shemeji. Nilidhani mikono inakumbuka kilichosahauliwa na masikio. Kama ungeniambia, "Fundi, huwezi tena," ningeumia nikakaa karibu na huyo mwanamke wa kampuni nikamwelekeza kwa maneno. Maneno bado ninayo. Ulinifunika shuka kama maiti, ukanikunja vizuri. Binti yangu nimeshamsamehe, ana moyo wa mama yake. Wewe bado, nitakwambia siku ikifika.

Lakini si hilo lililoniandikisha. Nimekuwekea kaseti nyingine humu. Ni dakika zangu tisa, nimezikata kutoka kwenye kazi yangu nikazifuatanisha. Hakuna wimbo humo. Dakika nne za mwanzo ni chumba chetu tu. Kwenye zile tano za nyimbo ulizoimba sasa nimeweka vyumba viwili pamoja, chetu na stoo yako ya mashuka, ili mpumue mahali pamoja.

Ya tisa ni ya siku ile. Ulishaondoka. Tukakaa kimya kama kawaida, halafu kaka akavunja kanuni, akaongea ndani ya dakika. Pale kaburini nililijua neno lake, nikakunyima kwa makusudi. Nilitaka ubaki na mlango wako. Miaka tisa nimelikalia neno lisilo langu. Nilidhani ukilisikia kwenye albamu nitakuwa nimelirudisha bila kulazimika kukutazama usoni. Ndiyo maana niliomba isiguswe.

Mimi silisikii tena. Naona tu sindano ikitikisika, sekunde ya arobaini. Sijui kama utepe umelitunza. Sikiliza uniandikie. Usiruke safari hii. Na uniambie kama mlango wako nimeuweka mahali pake, maana huo niliusikia, ni mnene, na sikuukata.

Fundi

3 Oktoba

Fundi,

Siombi radhi tena, ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nimekudanganya, na nimekudanganya kwa sababu nilikuhurumia, na najua sasa kwamba ungependa zaidi matusi. Hasira yako ni halali. Kaa nayo kadiri unavyotaka, mimi sitaikimbia.

Nimeingia stoo leo saa sita. Nilimwambia Msimamizi nikigongewa sitajibu. Nimesikiliza zote tisa, na karatasi hii ilikuwa gotini, kwa hiyo mwandiko usiushangae. Haya ndiyo yaliyomo. Nakuandikia yote, hata madogo, hasa madogo, maana najua ndiyo yaliyokukimbia.

Ya kwanza kuna mvua kwenye bati, nyepesi, mwishomwisho. Wewe unavuta kamasi mara mbili. Ngoja anapumua kwa pua na pua moja inapiga filimbi, ile aliyokuwa anakataa kwamba anayo. Ya pili mtu anageuza karatasi, nadhani ni mimi. Nje kuna ndege, mmoja tu, anaita na hajibiwi. Ya tatu sikuisikia vizuri, nilikuwa nalia, nikairudia: kopo la rangi linalalamika akihamisha mguu, na pete yake inagusa gitaa. Pete hiyo ninayo kidoleni sasa hivi. Ya nne ni kimya kabisa isipokuwa mtu anazuia kicheko. Ni wewe, Fundi. Unazuia, unazuia, halafu linakutoka "ks" dogo sana. Sijui tulikuwa tunacheka nini.

Kuanzia ya tano vyumba ni viwili. Kuna ukimya wa trei za mayai na ukimya wa mashuka juu yake, na havifanani. Wa mashuka ni mzito. Kwenye ya sita tunapumua mimi na yeye, tunapishana, kisha katikati tunaenda sawa kwa mara nne au tano. Nilisimamisha kaseti hapo. Nilisimama nikashika rafu. Sikuwa nimesikia hilo tangu asubuhi aliyoinama kufunga viatu. Ya saba na ya nane nitakuandikia siku nyingine.

Ya tisa utepe umeitunza.

Mwanzoni kuna hatua zangu zinashuka ngazi, kwa mbali, nimevaa viatu vya kisigino. Zinapotea. Gitaa linaguswa, haupigwi wimbo, linaguswa tu. Yeye hapumui kwa pua, anapumua kwa mdomo, kama mtu aliyepanda ngazi. Sekunde ya arobaini wewe unamuuliza kwa sauti ya chini, "Tuanze?" Naye anasema, "Ngoja kidogo. Atarudi."

Ndivyo alivyosema. Hakusema kwa hasira wala kwa kuomba. Alisema kama mtu anayeongea habari za mvua.

Kisha kimya, sekunde kumi na mbili, nimezihesabu. Halafu mlango unafungwa. Ni wa kwangu, wa stoo, naujua kwa kile kitasa kinachogonga mara mbili. Mtu aliyefunga yuko ndani.

Umeuweka mahali pake, Fundi. Nimechelewa miaka tisa, lakini umeuweka mahali pake.

Shemeji yako